Biro imepita juu ya kitabu, na faili yako ya TEI inagoma: dalili na mahali pa kuangalia

Hii ni ya wale wanaotoa nakala za kidijitali za vitabu vya zamani, nyimbo za kanisa, sheria za vyama vya ushirika, vitabu vya kusoma vya watoto, zile ukifungulia kabati ya mzee fulani Maseno ama Kakamega unazipata zimechapwa vizuri tu lakini mtu amepita nazo na penseli, amekata neno, ameandika lingine juu, ameongeza mstari pembeni, na sasa wewe uko na kompyuta na hujui hayo yote yanaingia wapi kwa faili. Nachukulia unatumia TEI, yaani ule utaratibu wa kuweka tegi za XML kwa maandishi, toleo la P5 lililotoka 2007 na ndio bado tunatumia, na unajua XML ya kutosha kufungua tegi na kuifunga. Kama bado, anza hapo kwanza halafu urudi.

Shida nyingi hapa chini ukizichimba zinatoka kwa swali moja halikuulizwa: hii kitu ilifanywa na nani? Kwa ukurasa mmoja kuna watu watatu. Kuna yule alipanga herufi kiwandani, kuna wa biro, na kuna wewe unayechapa leo. Faili ikichanganya hao watatu, hata kama skima (ile faili ya sheria inayosema tegi gani inaruhusiwa wapi) imekubali kila kitu, imeshaharibika.

Faili iko sawa, hakuna eror, lakini msomaji anauliza "hii mlirekebisha nyinyi ama ilikuwa hivyo?"

Naanza na hii kwa sababu ndio mbaya kuliko zote, haitoi eror yoyote. Chukua sheria za chama, zimechapwa "Kila mwanachama atalipa shilingi kumi", halafu mtu, pengine katibu mwenyewe, amepiga mstari kwa "kumi" na kuandika "ishirini" juu yake. Mtu mgeni kwa TEI anaona kitu kimesahihishwa, anatafuta tegi ya kusahihisha, anapata choice yenye sic na corr, anaandika hivi:

`<choice><sic>kumi</sic><corr>ishirini</corr></choice>`

Hapo umesema wewe, mhariri wa leo, umeona "kumi" ni kosa ukaweka neno sahihi. Uongo mara mbili. Kwanza si wewe. Pili "kumi" haikuwa kosa hata kidogo, ada ilikuwa kumi siku kitabu kinatoka, baadaye ikapandishwa. Ile inatakiwa ni hii, del ni kilichokatwa, add ni kilichoongezwa, subst inazifunga pamoja, na hand inasema ni mkono wa nani:

`shilingi <subst><del hand="#h1" rend="mstari">kumi</del><add hand="#h1" place="above">ishirini</add></subst>`

Sic na corr ni zako peke yako. Ukikuta kiwanda kimechapa "mwanachana" na hakuna kalamu imeigusa, hapo sawa, choice, na kwa corr uweke resp inayoelekeza kwako. Lakini kama wa biro ndiye ameona hiyo "mwanachana" na kukata ile n akaweka m, hiyo inarudi kwa del na add, haijalishi kwamba alikuwa anasahihisha kosa la kweli. Na kama wa biro mwenyewe amekosea tahajia ndani ya alichoongeza, choice yako inaingia ndani ya add yake. Watu watatu, kila mtu na tegi yake, zinaweza kukaa moja ndani ya nyingine bila ugomvi.

Kama tayari mna faili nyingi za namna ya kwanza, usifanye kubadilisha zote kwa mpigo mmoja. Hutajua gani ni ya biro na gani ni ya mhariri bila kurudi kwa picha za kurasa. Inauma lakini ni hivyo.

Skima inakataa maandishi ndani ya subst

Ukiona eror inasema maandishi hayaruhusiwi hapo, angalia kati ya del na add. Ndani ya subst kunaingia tegi tu, na lazima kuwe na angalau add moja na del moja (ama surplus, tegi ya maneno ya ziada). Neno tupu haliruhusiwi. Nafasi na mistari mipya ni sawa, neno ndio hapana. Inatokea hivi: sentensi ni "alikwenda jana sokoni", wa penseli amekata "jana" na kuandika "juzi" baada ya "sokoni", wewe ukafungia yote kwa subst moja na "sokoni" ikabaki katikati. Itoe subst kabisa, acha del mahali pake na add mahali pake, kila moja na xml:id, halafu uziunganishe na substJoin:

`alikwenda <del xml:id="d1" hand="#h1">jana</del> sokoni <add xml:id="a1" hand="#h1" place="inline">juzi</add> <substJoin target="#d1 #a1"/>`

Na si kila del iliyo karibu na add ni subst. Ukisema subst umesema ni tendo moja, hili limetolewa ili lile liingie. Penseli ikikata na biro ya buluu ikiongeza hapo hapo, huna uhakika ni mtu mmoja wala ni siku moja, ziache mbili bila kuzifunga pamoja. Mimi naona watu wanapenda sana subst kwa sababu inapendeza kwa skrini.

Kuanzia mahali fulani ukurasa wote kwa brauza umepigwa mstari

Hii inatisha watu lakini kwa kawaida TEI yako haina kosa. Mahali kwa faili kuna del tupu, ama XSLT yako (ile inayogeuza XML kuwa ukurasa wa brauza) imetoa tegi tupu kwa HTML, kitu kama `<del/>` ama `<s/>`. Kwa XML hiyo imefunguka na kufunga hapo hapo. Kwa brauza inayosoma kama HTML ya kawaida, ile mkwaju (/) haihesabiki, inaona del imefunguliwa na hakuna mtu ameifunga, basi inapiga mstari mpaka chini kabisa. Kitu hicho hicho kikitokea na span ya rangi, utaona kila kitu kimekuwa cha buluu.

Dawa ni kwa XSLT, uweke xsl:output yenye method="html" ili itoe tegi ya kufunga yenyewe. Halafu urudi uulize kwa nini del ilikuwa tupu. Mara nyingi ni kwa sababu neno lililokatwa halisomeki na mtu akaacha wazi. Haifai kuacha wazi, ndani yake weka gap:

`<del hand="#h1" rend="wino-mzito"><gap reason="illegible" quantity="4" unit="chars"/></del>`

Kama unasoma lakini huna hakika, ni unclear ndani ya del, si gap. Gap ni pale macho yameshindwa kabisa. Na ukitumia gap hakikisha XSLT inaandika kitu kwa skrini, hata nukta nne, la sivyo msomaji haoni kama kuna kitu kilikuwa hapo.

Hiyo "wino-mzito" nimeiunga na kistari makusudi. Atributi ya rend inasoma kila neno lililotengwa na nafasi kama thamani yake pekee, kwa hivyo rend="mstari mmoja" ni vitu viwili, "mstari" na "mmoja", na siku utahesabu aina za kukata utapata aina inaitwa "mmoja" ushangae imetoka wapi.

Mtu amekata aya tatu kwa mstari mmoja mrefu na XML haifungi

Del haiwezi kufunguka ndani ya aya moja na kufungika ndani ya nyingine, na haiwezi kubeba aya ndani yake. Ukijaribu unapata ile eror ya tegi isiyofungwa vizuri, na ukizidi kuhangaika nayo unaanza kuvunja aya za kitabu ili tu eror iishe, hapo sasa umemharibia yule wa kwanza kwa sababu ya yule wa pili. Tumia delSpan inapoanzia na anchor inapoishia:

`<p>Maneno yaliyobaki <delSpan spanTo="#mwisho1" hand="#h2"/>hapa kukata kunaanza</p> ... <p>na hapa kunaisha<anchor xml:id="mwisho1"/> halafu maneno yanaendelea</p>`

Kwa nyongeza ndefu kuna addSpan, inafanya kazi vile vile. Kama kukata kumevuka aya mbili tu, unaweza kuweka del mbili, moja kila aya, na kuziunganisha kwa next na prev. Ikipita mbili nenda kwa delSpan.

Lakini delSpan inaleta dalili ya pili ambayo watu huiona baada ya kufurahia ya kwanza imeisha: kwa skrini yale maneno yaliyokatwa yanaonekana kama kawaida. Ni kwa sababu hayako ndani ya tegi yoyote, yako kati ya alama mbili, na XSLT yako inajua kuficha kilicho ndani ya del tu. Inabidi kila kipande cha maandishi kiulize kama kuna delSpan imepita nyuma yake ambayo anchor yake bado iko mbele. Kwa XPath (lugha ya kutafuta vitu ndani ya XML) 2.0 kuendelea mbele, hii inatosha:

`text()[some $d in preceding::tei:delSpan satisfies following::tei:anchor[@xml:id = substring($d/@spanTo, 2)]]`

Kwa kitabu kikubwa inaenda polepole, kunywa chai. Hiyo substring ni ya kutoa alama ya # pale mbele.

Ukitoa maandishi matupu unapata "kumiishirini"

Ukichukua maandishi yote ya faili bila kuchagua, del na add zinatoka zote mbili zimegandana, kwa sababu kwa TEI kilichokatwa bado ni maandishi ya faili, hakijafutwa. Amua unataka kusoma nini. Ukitaka kitabu kama kilivyotoka mtamboni, ondoa add zote zenye hand na ubakishe del. Ukitaka kama alivyokiacha wa biro, ondoa del, bakisha add. Ni faili moja, matokeo mawili, na kwa maoni yangu toeni yote mawili kila wakati, maana anayesoma historia ya chama anataka ile kumi na anayetafuta ada ya mwisho anataka ishirini.

Jambo la tatu linaingia hapo: mtu akikata kitu halafu akajuta, akaweka nukta nukta chini yake, ama akaandika "iache" pembeni. Hiyo ni restore inayozunguka del. Ukisahau restore, kwenye toleo la wa biro neno linapotea na yeye mwenyewe alisema libaki.

Kitabu chote kuanzia ukurasa wa 12 kinasema kimeandikwa kwa penseli

Mtu ameweka handShift. Hiyo inabadilisha mwandishi kuanzia hapo mpaka handShift nyingine, ni ya miswada ambayo mkono mmoja unaachia mwingine kuandika. Kwa kitabu kilichochapwa mara chache sana utaihitaji. Penseli imeingia neno moja na kutoka, weka hand kwa add yenyewe ama kwa del yenyewe basi.

Na kama hand zinaonekana ziko sawa lakini orodha ya mikono haionyeshi kitu, tafuta zile zimeandikwa hand="h1" bila alama ya #. Skima haitalalamika. Hiyo atributi inapokea anwani, na "h1" peke yake ni anwani halali ya faili inaitwa h1 kwa hiyo folda, faili ambayo haipo. Hii imekula watu muda mwingi sana, pitisha utafutaji wa haraka wa hand zote zisizoanza na # kabla hujafanya kitu kingine. Jina la xml:id nalo haliwezi kuanza na tarakimu, kwa hivyo "1932penseli" itakataliwa, lakini hiyo angalau inakataliwa kwa kelele.

Mikono yenyewe inaelezwa juu kwa teiHeader (sehemu ya maelezo mwanzoni mwa faili), ndani ya profileDesc:

`<handNotes><handNote xml:id="h1" medium="penseli" scope="minor">Penseli, herufi ndogo zilizolala kulia.</handNote><handNote xml:id="h2" medium="biro-buluu" scope="minor">Biro ya buluu, herufi kubwa kubwa.</handNote></handNotes>`

Usiandike jina la mtu hapo kwa sababu tu jina lake liko kwa ukurasa wa kwanza. Sahihi ya mwenye kitabu ni ushahidi kwamba kitabu kilikuwa chake, haisemi ni yeye alikata sheria ya nne. Biro nazo zilianza kuuzwa madukani Marekani 1945, kwa hivyo sahihi ya wino yenye tarehe ya 1932 na masahihisho ya biro kwa kitabu hicho hicho haziwezi kuwa za siku moja hata ungetaka vipi. Hiyo herufi iliyochapwa yenyewe haihitaji handNote, hakuna mkono hapo.

Unatafuta ng'ombe na unapata nusu ya ng'ombe

Huku kwetu hii haikwepeki, Kiswahili iko nayo, Kijaluo iko nayo, ng'ato, ng'eyo, kila mahali. Sababu ni mbili na zinakuja pamoja. Moja, ile alama ya ng' inaweza kuwa mkato wa kawaida wa kibodi, ama ule uliopinda ambao Word inaweka yenyewe, ama ile herufi maalum ya Unicode yenye namba 02BC. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni tatu tofauti. Chagueni moja, muandike kwa encodingDesc, ndani ya teiHeader, mmechagua gani, mbadilishe zote.

Ya pili ndio yetu. Kiwanda kilichapa "ngombe" bila alama, mwalimu fulani akaongeza alama kwa penseli kila mahali. Unaandika `ng<add hand="#h1" place="above">’</add>ombe`, ni sawa kabisa, halafu programu ya kutafuta inakata neno kwa kila tegi na unapata "ng" na "ombe". Funga neno lote kwa tegi ya w na uiambie programu ihesabu w kama neno moja. Ukiona pia nafasi zimejitokeza katikati, "ng ’ ombe", mtu amebonyeza ile kitufe ya kupanga XML vizuri kwa programu isiyojua kwamba hapa nafasi ni maandishi. Rudisha toleo la kabla ya hapo, usijaribu kuzitoa nafasi moja moja.

Ukiona "â€™" badala ya alama, faili imehifadhiwa kwa UTF-8 na kusomwa kama Windows-1252. Ifungue upya kama UTF-8, usiihifadhi ikiwa inaonekana hivyo.

Hujui kama ni add ama ni note

Pembeni kuna "kweli kabisa!" na chini kuna "aliyotenda" yenye mshale unaoingia kati ya maneno mawili. Soma sentensi kwa sauti na hayo maneno ndani yake. Ikisomeka kama sentensi moja, mtu alikuwa anaongeza maandishi, ni add. Ikisikika kama mtu mwingine amekatiza mazungumzo, ni note, yenye place na hand yake. "Kweli kabisa!" ni mtu anaongea na kitabu, si sehemu ya kitabu, na ukiiweka add itaingia kwa toleo la kusoma na kumfanya mhubiri aonekane anajipigia makofi.

Kwa vitabu vya nyimbo ni ngumu zaidi. "Rudia x2" ni nini? Mimi naiweka note, inasema namna ya kuimba. Lakini beti nzima iliyoandikwa kwa mkono chini ya beti ya tatu ni add bila mjadala. Ule mshale wenyewe ama alama ya kuingiza neno usiichape kama herufi, ni metamark, na kama skima inasema haiijui hiyo tegi una skima ya zamani, iliingia na toleo la 2.0 la P5, la mwaka wa 2011.

Maneno ya pembeni yakiwa kwa lugha nyingine, wape xml:lang: luo kwa Kijaluo, bxk kwa Lubukusu, rag kwa Kilogooli, sw kwa Kiswahili. Bila hiyo kikagua tahajia kinaona kila neno la Kijaluo ni kosa la Kiswahili.

Eror kwa mstari ambao unaonekana sawa kabisa

Ulitumiwa kwa WhatsApp? Simu inapindua alama za nukuu, na XML inataka zile zilizonyooka. Futa uandike kwa mkono. Ama kuna & tupu mahali, "Bw. & Bi.", inatakiwa `&amp;`. Na XPath ikirudisha sifuri wakati del unaziona kwa macho, hujaiambia neimspesi ya TEI (anwani inayotambulisha tegi zake), `http://www.tei-c.org/ns/1.0`.

Kuna kivuli kwa picha, hujui ni penseli ama ni uchafu

Kama skani ni nyeusi na nyeupe tupu, usiamue chochote, penseli hafifu inapotea hapo na doa la chai linageuka herufi. Skani ya rangi, dpi 300 kuendelea, ndio ya kuamulia. Ukiwa na kitabu chenyewe, zima taa, laza tochi ya simu pembeni ya ukurasa mwanga upite juu ya karatasi, na michirizi ya penseli iliyofutwa kwa raba inajitokeza kwa sababu iliacha mfereji.

Halafu fikiria kabla ya kuweka del. Raba ya penseli haitoi wino wa mtambo. Kilichofutwa kwa raba kiliandikwa kwa mkono kwanza, kwa hivyo kilikuwa add, na del inaingia ndani yake:

`<add hand="#h1" place="margin"><del rend="raba"><unclear cert="low">alilipa</unclear></del></add>`

Ukiweka del peke yake, toleo la mtamboni litakuonyesha "alilipa" kama neno ambalo kiwanda kilichapa.